Neno la Pili Ubaoni

Ubao wa zamani wa tangazo ulianguka wenyewe. Hakuna mtu aliyeugusa, hakuna upepo uliovuma. Ulichoka tu, misumari ikaachia, ukaja chini puu! mbele ya mlango wa karakana, nusura umkate kidole mteja aliyekuwa anavua kiatu. Fundi akatoka, akauokota, akaugeuza kutazama mchwa walivyojilia upande wa nyuma, akasema, "Basi. Umefanya kazi." Akauegemeza ukutani, akarudi kukaa.

Kijana wake akacheka mpaka akakohoa.

"Unacheka nini?"

"Nacheka baba unavyouzika ubao kama jirani."

Mtaa mzima ulimwita kijana huyu Kiroboto, maana tangu utotoni hajui kutulia pahali pamoja. Shule aliiacha mapema. Hakufukuzwa, ila aliona dawati linamchoma makalio na mwalimu anazungumza polepole mno. Baba akamtia karakanani, kichumba chembamba kati ya duka la simu na duka la dawa, ambamo wakikaa wawili, wa tatu anasimama mlangoni apende asipende. Humo Kiroboto alijifunza kubandika soli, kubadilisha visigino, kushona mdomo wa kiatu ulioachama, na kuweka kiraka ambacho hata mwenye kiatu hakioni. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hilo hata baba alilikubali, ila alikuwa analisema kijana akiwa hayupo.

Shida yake ilikuwa moja tu. Alichoka kurekebisha. Kutwa anashika viatu vilivyochoka vya watu waliochoka, vingine vinanuka mpaka nzi wanaomba ruhusa kutoka. Alitaka kushona kiatu kipya, kitoke kwenye ngozi nzima, kisiwe na kero za mguu wa mtu. Upande wa pili wa mji kulikuwa na jamaa mwenye kiwanda kidogo cha makubadhi. Alishamwambia, "Njoo Jumatatu, nikuweke mezani." Na Kiroboto hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Baba, kama hapa ni viraka mpaka nife, mimi Jumatatu nakwenda zangu kwa yule jamaa."

Baba alikuwa anashona. Akamaliza tundu moja, akaingia la pili. "Mlango ule pale. Haujawahi kumzuia mtu."

Lakini akauvuta uzi kwa nguvu kuliko ulivyotaka, ukakatika. Uzi uliopakwa nta, uzi wa viatu vya wanaume! Kiroboto aliuona ukikatika. Baba akatia uzi mwingine.

Siku ya pili yake akaja mchora mabango, Brashi, mtu wa maneno mengi na suruali yenye rangi zote duniani. Ameleta ubao mpya, ameshaupaka buluu.

"Haya mzee, niandike nini?"

"Fundi Viatu. Kama zamani."

"Na nafasi hii yote ya chini? Nichore ua?"

Hapo ndipo akaingia dada mtu. Yeye alikuwa anakaa mapokezi katika jengo refu la vioo ng'ambo ya barabara, na saa ya chakula huvuka kuja kumsalimia baba. Dada huyu alikuwa na sauti ya upole na miguu mikubwa. Madukani viatu vya kike havimwingii, na utani wa miguu yake nyumbani haukuwa na siku ya mapumziko.

"Shikamoo baba. Andikeni na Kiingereza hapo chini," akasema. "Pale kwetu kuna wageni wengi. Wanapita hapa nje na kiatu kibovu mkononi, halafu wanakuja kuniuliza mimi fundi yuko wapi."

"Marahaba. Kwa Kiingereza naitwaje?"

"Aa, hapo sasa. Kuna majina mawili." Akachukua chaki ya kupimia ngozi, akaandika kwenye kipande cha soli: cobbler. Chini yake: shoemaker.

Baba akainama akayatazama kama anavyotazama kiatu cha mtu asiyemjua. "Lipi langu?"

"Hili la kwanza, kobla, ni yule anayerekebisha. Kiatu kimetoboka, anaziba. Hili la pili, shumeka, ni yule anayekishona tangu mwanzo. Kwetu sisi fundi viatu ni fundi viatu, ashone azibe, haulizwi. Wenzetu wametenganisha."

"Basi mimi ni wa kwanza. Imekwisha. Brashi, andika."

"Subiri!" Kiroboto akaruka kama jina lake. "Dada, hilo la kwanza si ndilo bosi wako alilowatukania ile ripoti?"

Dada akacheka. "Si tusi. Alisema tumeikobla. Yaani tumeungaunga, hiki hapa, kile pale, bora iende."

"Umesikia baba? Kulipua! Wanachukua jina la kazi yako wanaita kulipua!"

"Mimi nalipua?"

"Hulipui. Ndiyo maana nasema hilo jina si lako."

"Na lile la pili je," baba akamgeukia binti yake, "likiandikwa, mtu mwenye soli imebanduka ataingia, au atapita?"

"Ataingia. Shumeka watu wanampelekea hata vya kurekebisha, wanajua anayejua kushona kiatu hashindwi kukiziba. Kobla ndiye asiyepelekewa kazi ya kipya. Nimesoma mahali kwamba zamani huko kwao kobla alikatazwa hata kugusa ngozi mpya. Yake ilikuwa ngozi kuukuu tu."

"Makubwa," akasema Brashi. "Kwa hiyo mzee ungekuwa umeshafungwa."

Mama mtu akatokea na bakuli la chakula cha mumewe, akalipitisha juu ya kichwa cha Brashi, kwa kuwa njia nyingine haikuwepo. "Mnaandika nini? Kobra? Watu wadhani tunafuga nyoka?"

Wakacheka wote, isipokuwa Kiroboto. Yeye damu ilikuwa inamchemka. "Andika shumeka, baba. Watu wakisoma hivyo watakuja kuagiza vipya. Mimi nitashona. Sitakwenda kokote."

Baba akaweka bakuli magotini bila kulifunua. "Wewe mtoto, ubao ni ahadi. Mtu anasoma nje, anaingia ndani kudai alichosoma. Nikiandika nashona viatu vipya, na mimi tangu nizaliwe sijashona hata kimoja, akija mtu kesho nimwambie nini? Samahani, ubao umekosea njia?"

"Nitashona mimi."

"Umeshashona?"

Kiroboto akaishika ile soli yenye majina mawili, akaigeuza.

"Nionyeshe kiatu, nitaandika neno," baba akasema, na sasa akafunua bakuli. "Brashi, andika la juu. La chini uje Jumatatu."

Basi Kiroboto akapiga moyo konde. Ngozi nyeusi nzuri alikuwa nayo, alishainunua zamani akaifungia chini ya kitanda, anaitoa mara mojamoja kuinusa. Mvaaji naye alimpata hapohapo. "Nishonee mimi," dada akasema, "labda Mungu atanionea huruma nipate viatu vya kunienea."

Kilichokosekana ni kalibu, ule mguu wa mbao ambao kiatu huvutiwa juu yake. Kobla hana haja ya kalibu. Kiatu kinakuja tayari kina umbo. Pale karakanani palikuwa na chuma kimoja cha kugongea misumari, basi, kinafaa mguu wa kila mtu kwa kuwa hakifanani na mguu wa yeyote.

Kiroboto akajikuna kichwa, akatazama huku na huku, jicho likaangukia viatu vya Bwana Mizani.

Bwana Mizani alikuwa mpima magunia ghalani. Miaka yote ameegemea mzani upande mmoja, na akitembea bado anauegemea, ijapokuwa haupo. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimeingia karakanani mara nyingi kuliko alivyoingia Brashi. Safari hii baba alivikunja kidogo, ngozi ikapasuka kama mkate mkavu, akamwambia, "Mzee mwenzangu, hivi tuviombee dua tu." Bwana Mizani akasikitika, akaondoka na kandambili, viatu akaviacha hapo kwenye gunia la mabaki. Na vilikuwa saizi ileile ya dada. Vingekuwa vidogo kidogo dada angeudhika. Vilikuwa sawasawa kabisa, akaudhika zaidi.

Kiroboto akakoroga plasta ya ukutani, akaimimina ndani ya viatu vile mpaka shingoni, akaiacha ikauke. Kisha akavifumua, mshono mmoja mmoja, akatandaza vipande mezani, akakata ngozi mpya kwa kuvifuata. Mdomo kwa mdomo, kisigino kwa kisigino. Kile cha kulia kilikuwa kifupi kidogo upande wa nje. Na yeye akakikata kifupi upande wa nje. Hakujiuliza. Tangu aanze kazi kila kisigino alichoshika kilikuwa kimelala upande, sasa angejuaje kwamba kisigino huzaliwa kimesimama?

Baba alikaa kiti cha pili, anabandika soli zake, hatazami. Yaani alijifanya hatazami. Mara moja Kiroboto alipoanza kuvuta ngozi juu ya plasta, baba akasema kama anayeongea na nyundo, "Ngozi kavu haivutiki." Kiroboto akailowesha maji. Hakusema asante na hakuna aliyeingoja.

Viatu vilipokwisha vilikuwa vinang'aa kama mbegu ya ukwaju. Mshono umenyooka, kamba mpya, bitana laini ndani. Kiroboto aliviweka mezani akavizunguka. Hata Brashi, aliyepita kudai makopo yake, alitoa kofia.

Dada akavivaa. "Vimeingia! Jamani, vimeingia!" Akafunga kamba, akasimama, akatoka nje, akakanyaga kando ya barabara kwenda kwenye duka la dawa na kurudi.

Mama alikuwa mlangoni. Akamtazama. Akainamisha kichwa upande akamtazama tena.

"Wewe binti, mbona unatembea kama Bwana Mizani?"

"Mimi?"

"Hebu rudi tena."

Akarudi. Bega la kulia chini, mguu wa kulia unapiga hatua kwa nje, kiuno kinafuata nyuma kwa kuchelewa. Ungemfunga shuka na kumpa gunia, ghala lingemfungulia mlango. Muuza simu wa jirani akatoka kuangalia. Mama akashika mlango, mbavu hana. Dada mwenyewe akacheka mpaka akaketi barabarani, akavua viatu, akajishika kidole gumba. "Kuna mtu humu ndani, mdogo wangu. Kuna uvimbe wa mtu mwingine, na mimi wa kwangu uko upande huu!"

Kiroboto hakucheka. Akaviokota viatu, akaviingiza ndani, akavigeuza. Ndipo akaona. Hakuwa ameshona kiatu kipya. Alikuwa ameshona kiatu cha zamani kwa ngozi mpya, pamoja na ugonjwa wake wote. Akakaa. Mtu asiyekaa, akakaa, mikono imelala mapajani.

Alingoja baba aseme. Lile "nilikwambia" aliliona linakuja kama mvua. Lakini baba alichukua kiatu cha kulia, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, nje na ndani, akakirudisha.

"Mshono mzuri," akasema. Akaendelea na kazi.

Kiroboto ndio kwanza akaumia zaidi. Angesemwa angejibu. Sasa atajibu nini? Akatoa simu, akamwandikia jamaa wa makubadhi: Jumatatu nakuja.

Jumatatu asubuhi alikwenda karakanani kuchukua kisu chake na sindano zake, maana fundi hatoki na mikono mitupu. Brashi alikuwa ameshafika, amepanda kigoda, la juu amelimaliza, anangoja la chini. Baba yupo kitini. Viatu vyeusi bado viko mezani, hakuna aliyejua pa kuviweka.

"Hodi mafundi!"

Ni Bwana Mizani na kandambili zake. Alikuwa anapita kwenda ghalani, akataka kuuliza tu kama vile viatu, kwa bahati, labda, mzee mwenzake alipata wazo. Hakumaliza kuuliza. Macho yalishatua mezani.

"Aa! Mmeviponya!"

Akakaa mlangoni, akatupa kandambili, akaingiza mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Hakuvuta, hakusukuma, hakuomba pembe ya kuvalia. Vilimpokea. Akasimama, akapiga miguu chini, akaenda mpaka kwa muuza simu akarudi, anayumba zake vizuri upande wa kulia, uso umefunguka.

"Nilijua tu! Nilimwambia mama watoto, yule mzee hashindwi. Mmebadilisha ngozi ya juu, siyo? Na bitana. Lakini ni vyenyewe. Hapa ndipo kidole changu kinapolala."

Kiroboto akatazama ukuta. Haya, kazi yake ya kwanza duniani, na mwenyewe anaiita kiraka. Na kiraka kizuri, cha baba. Akafunga kisu chake kwenye kitambaa. Lilikuwa jambo rahisi sana kwa baba kusema asante bwana, karibu tena. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo lingekuwa fupi.

Baba akasimama. Akaliburuta gunia la mabaki, akatoa vipande vya ngozi iliyopasuka, soli, visigino viwili vilivyolala, akavipanga sakafuni miguuni pa Bwana Mizani.

"Hivi hapa ndivyo vyako. Vilikufa, nilikwambia. Hivyo ulivyovaa ni vipya. Vimetoka kwenye ngozi nzima. Na mimi sikuvigusa. Kavishona huyu."

"Fundi, kiatu changu nisikijue?"

"Hukijui. Umeujua mguu wako. Huyu ndiye aliyeujua hata ukadhani ni kiatu chako kile."

Bwana Mizani akatazama vipande, akatazama alivyovaa, akamtazama Kiroboto, safari hii usoni. "Kijana, maisha yangu yote kiatu kipya kimenitafuna kwanza ndipo tukapatana. Hiki kimeanza kwa kupatana. Hebu nishonee na vya mama watoto. Yule miguu yake ina kesi, kila akinunua ni malengelenge."

Hapo mtu yeyote angesema ndiyo. Kiroboto mdomo ulishafunguka. Akamwona baba anamtazama.

"Siwezi," akasema. "Nisikudanganye mzee wangu. Nilimimina plasta ndani ya kiatu chako, ndiyo maana. Naujua mguu wako tu. Dada yangu nilimvalisha akatembea kama wewe, mtaa mzima ulicheka."

"Kama mimi? Natembeaje?"

Brashi juu ya kigoda akaanza kukohoa.

"Mwambie mama watoto aje," baba akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali. "Aje na viatu vyake. Si vile vizuri vya sherehe. Vile vibovu kuliko vyote, alivyovivaa mpaka akaona haya."

"Vibovu vya nini?"

"Vimeshamjua. Huyu atashona kwa kuvifuata. Na pale pa kutofuata nitamwonyesha mimi." Akamgeukia mwanawe. "Umbo la mguu, fuata. Kisigino kilicholala, usifuate mpaka uulize. Kingine kimelala kwa sababu ya mguu, kingine kwa sababu ya barabara. Hilo nimelitazama tangu hujazaliwa."

"Sasa mbona hukuniambia nilipokuwa nakata?"

"Ulikuwa hutaki kuambiwa kitu cha viatu vibovu."

Kiroboto akavitazama vile visigino viwili sakafuni.

"Wazee," Brashi akaita, "rangi inaganda. Neno lipi?"

"Shumeka," baba akasema.

"Baba," Kiroboto akasema haraka, "kiatu chenyewe ni kimoja, na ndiyo hicho umeona."

"Nilisema nionyeshe kiatu, nitaandika neno. Nimeonyeshwa. Unataka mimi niwe mwongo?"

Kiroboto alitaka kushangilia, lakini akaukodolea macho ubao. Siku zote alilitaka neno lile kama mtu anavyotaka shati. Sasa Brashi alikuwa anavuta herufi ya kwanza, nyeupe, nene, inateleza polepole juu ya buluu, na kila mpita njia angeisoma na kuingia kudai. Simu ikatetema mfukoni. Jamaa wa makubadhi anauliza yuko wapi. Akatoka nje kidogo, akampigia.

"Kaka, nisamehe. Sitafika."

"Leo au kabisa?"

Akageuka akatazama ndani. Baba alikuwa amesogeza kiti chake ukutani, kidogo tu, ili meza ipate nafasi ya kukatia ngozi.

"Kabisa, kaka. Hapa pana kazi."

Brashi alipofika herufi za mwisho, mke wa Bwana Mizani, aliyepigiwa simu na mumewe, alishafika. Mwanamke mrefu, mwenye haraka, amebeba mfuko wa nailoni ameufunga mafundo mawili, kama aliyebeba aibu. "Mume wangu ananiambia nilete takataka. Nikadhani ananitania. Ni kweli?"

"Kweli mama. Karibu, pita."

"Pita wapi, hakuna pa kupita."

Kiroboto akachukua mfuko, akafungua mafundo. Viatu vilivyotoka humo vilikuwa vimechakaa vibaya, mdomo umeachama, soli imekuwa nyembamba kama karatasi. Alivigeuza juu chini. Kisigino cha kushoto kimelala ndani. Cha kulia kimesimama. Akavitazama muda mrefu, kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote akiwa amekaa.

"Mama, samahani. Vaa hivi, utembee mpaka duka la dawa, urudi."

"Na hivi? Watu waniangalie?"

"Watu waache. Nitakuangalia mimi."

Mama yule akaguna, akavaa, akaanza kwenda. Kiroboto akachuchumaa mlangoni. Nyuma yake alisikia nyundo ya baba imenyamaza.

"Umeona nini?" baba akauliza.

"Bado," akasema Kiroboto. "Acha arudi."